JIBU: Fuwele ya La₂₋ₓSrₓCuO₄, naweza kwenda 5 K moja kwa moja?

Mkuu, soma hapa kabla hujafunga begi. Umesema umepata muda wa mwali wa nyutroni Grenoble, Ufaransa, una fuwele ya x = 0.01 (x ni kiasi cha strontiamu iliyochukua nafasi ya lanthanamu) na nyingine isiyo na strontiamu kabisa, na kuna "mtu mzoefu" amekushauri uachane na vipimo vya joto la juu, ushuke moja kwa moja 5 K (kelvini 5, karibu −268 °C) kuokoa muda. Halafu ukauliza nishati gani, kishikio cha alumini au shaba, na kama uombe nyutroni zilizopolaizishwa.

Huyo mzoefu wako namjua. Sio yeye mwenyewe, ila wangu aliongea hivyo hivyo, neno kwa neno, na nikaingia mkenge mzima mzima.

Fuwele yetu ilikuwa ya x karibu 0.02, pale pale mpakani. Unajua mwenyewe: kwenye La₂CuO₄ safi spini za shaba (visumaku vya atomu) zimejipanga, kila moja ikielekea kinyume na jirani yake, na mpangilio unadumu hadi karibu 325 K. Tia strontiamu hadi x = 0.02 hivi, mpangilio ule wa masafa marefu unakufa. Sisi tulitaka kuuona ukifa. Tukapoza kriyostati (chombo cha kupoza fuwele), tukapitisha skani kwenye (½ ½ 0), mahali ambapo mpangilio wa spini hutoa kilele cha nyutroni, kikatoka kilele. Chembamba, kimesimama wima kama mlingoti. Jamaa, yule mzoefu wangu, akapiga kofi mezani. Tukapanda 50 K, kipo. 100 K, kipo, hakijapungua hata chembe. Mtu mwenye akili zake hapo angeshtuka. Sisi tukaanza kubishana jina la nani litangulie kwenye makala.

Kumbe nusu-wimbi.

Monokromata ya grafiti, yaani fuwele inayochagua nyutroni za kutumia, ukiiweka itoe urefu fulani wa wimbi, inapitisha pia nyutroni zenye nusu ya urefu huo, yaani nishati mara nne. Ukiomba 14.7 meV (mili-elektroni-volti, kipimo cha nishati), unapewa na 58.8 meV bila kuomba. Hizo za nusu-wimbi zikikutana na fuwele iliyokaa kwenye (½ ½ 0), zinaona (1 1 0), kilele cha viini vya atomu, ambacho hakina habari na sumaku yoyote. Na usidhani ni uchafu mdogo wa kupuuza. Sumaku ya ioni ya shaba pale ni ndogo, kama 0.6 ya magnetoni ya Bohr (kipimo cha sumaku ya atomu) kwenye fuwele safi, na ukishatia strontiamu inazidi kufifia. Kilele cha viini kinaizidi kwa mbali sana. Kwa hiyo hata kikivuja kidogo tu, kinakaa mahali pale pale unapotafuta sumaku yako, na kinapendeza kuliko hata chenyewe.

Nilimuuliza jamaa, kichujio cha grafiti, kile kinachozuia nusu-wimbi, kipo? "Kipo, acha woga." Tulipopandisha hadi 300 K, muda unaishia na kundi linalofuata limeshaleta vifaa vyao mlangoni, kilele kiko vile vile. Ndipo fundi wa mashine akanionyesha kwa kidole: kichujio kimelala kwenye rafu, waliotutangulia walikitoa. Jamaa akasema haya hutokea. Hutokea kwa nani? Siku hizi yeye ana cheo, mimi nina skani safi sana ya (1 1 0). Anayeitaka anione PM, naitoa bure.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote unaweza kuyasahau: ANZA NA JOTO. Fuwele inaingia kwenye kriyostati ikiwa na joto la chumba. Skani ya pale, kabla hujaanza kupoza, inakugharimu muda wa skani tu. Kinachokula muda ni kupoza kwanza, halafu kupandisha tena baada ya kustuka, kama mabwege sisi. Ukiona kilele chembamba kwenye (½ ½ 0) wakati uko juu ya joto la Néel (lile ambalo likipitwa mpangilio wa spini unapotea), hicho sio chako. Unaweza kuona mtawanyiko mpana, hafifu, uliotandazwa kando ya L, yaani mwelekeo unaokatiza matabaka ya fuwele. Huo ni wa spini zinazoelewana ndani ya tabaka moja, hauna ncha kali. Shull na Smart walipoonyesha antiferomagneti (mpangilio huu wa spini zinazopingana) kwa nyutroni kwa mara ya kwanza, maabara ya Oak Ridge, Marekani, 1949, walipima MnO (oksidi ya manganizi) kwenye joto la chumba na kwenye 80 K. Vilele vya ziada vilikuwepo kwenye baridi tu, na hoja yao yote ilisimama hapo. Huyo mzoefu wako kawazidi nini?

Nishati: 14.7 meV, na ukikague kichujio kwa macho yako mwenyewe, usikubali kuambiwa. Wakikupa monokromata ya silikoni (111) pokea haraka, maana (2 2 2) yake, ambayo ingepitisha nusu-wimbi, karibu imezimika na inakosa pa kupitia.

Halafu ile fuwele isiyo na strontiamu ndiyo itakutesa. Kriyostati ya kawaida ya pale inaishia 300 K, na wewe unahitaji kuvuka 325. Mwandikie leo mwanasayansi anayehudumia mashine yako, omba ile inayopanda zaidi, kabla ratiba ya vifaa haijafungwa.