Magoti ya bibi yako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Unauliza kama paroko wenu alikuwa na haki kuusimamisha wimbo wa shukrani siku ya Pentekoste, kwaya imeshasimama na sare mpya, eti ubeti wa pili unamwita Roho Mtakatifu "mtumishi wa Mwana." Unasema: watu wanamwimbia Mungu kwa moyo, teolojia inaingiaje hapo?

Nitakujibu. Ila kwanza bibi yako mzaa mama.

Unajua alibatizwa uzeeni, na unajua nani alimchelewesha. Ilivyokuwa hasa hujui. Kwaresima ya mwaka 1987 mimi nilikuwa katekista kijana, daftari kwapani, na ndiye niliyewasikiliza wakatekumeni wa kigango, wale waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, kabla padre hajaja. Zamu ya mama mkwe ikafika. Hakunitazama, nami sikumtazama. Sote wawili tukaliangalia daftari. Nikauliza: Roho Mtakatifu ni nani? Jibu nililowakaririsha lilikuwa "Ni Mungu, Nafsi ya Tatu ya Utatu Mtakatifu." Yeye akapiga goti pale pale vumbini, akasema, "Ndiye tunayemtukuza jioni pamoja na Baba na Mwana, taa ikiwashwa."

Nikaandika: Hajui. Arudie mwakani.

Akainuka, akapangusa kanga, akasema, "Asante, mwalimu." Mwalimu! Hadi jana yake alikuwa akiniita baba. Mama yako alinipakulia chakula wiki nzima bila neno.

Miaka mitatu baadaye, kwenye mafunzo ya makatekista, tukasomeshwa habari za Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, Uturuki ya leo. Watu walimshika kwa maneno ya sala tu. Mbona anasema atukuzwe Baba "pamoja na Mwana, pamoja na Roho," wakati wengine husema "kwa njia ya Mwana, katika Roho"? Waliomshika walitaka Roho abaki chini, kama mhudumu. Yapata mwaka 375 Basili akaandika kitabu kizima kuwajibu. Kati ya hoja zake kuna wimbo mmoja wa kale ambao watu waliuimba jioni wakiwasha taa. Mtunzi wake hajulikani, unawasifu Baba na Mwana na Roho, na hakuna aliyewahi kuwaita waimbaji wake wazushi.

Taa, mwanangu. Nilishindwa kuandika.

Halafu ile Kanuni ya Imani iliyotoka kwenye mkutano wa maaskofu huko Konstantinopoli mwaka 381, Basili akiwa keshakufa. Sikiliza inavyomtaja Roho. Haisemi moja kwa moja "ni Mungu." Inasema "anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana." Maaskofu wale walijibu alivyojibu mama mkwe! Na mimi nilikuwa nikiyatamka maneno hayo kila Jumapili, tena kwa sauti ya kuwaongoza wengine. Ndiyo maana nasema siku zote, na nyinyi mnanicheka: magoti hujua kabla ya kichwa.

Utadhani basi niko upande wenu. Ngoja. Ario, yule padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa, naye alikuwa na nyimbo. Inasimuliwa alitunga za mabaharia na za wasaga nafaka, wajiimbie kazini. Wasaga nafaka hawakusoma teolojia, waliimba tu. Kama magoti hujua kabla ya kichwa, si yanaweza pia kudanganywa kabla ya kichwa? Mkiimba "mtumishi wa Mwana" miaka kumi, watoto wenu watamwona Roho kama tarishi. Labda mtunzi wenu alikuwa anatafuta silaba za kujaza mstari tu. Angesema "aliyetumwa" pasingekuwa na neno, maana Yesu mwenyewe anasema atampeleka kwetu kutoka kwa Baba. Kutumwa si utumishi.

Kwa hiyo paroko aliona kitu. Lakini kuwanyamazisha mbele ya waumini, siku ya Pentekoste! Si angewaita Jumamosi mazoezini, mkasahihisha kwa penseli? Lile daftari ninalo bado, sandukuni. Neno "Hajui" nimelikata kwa wino mwekundu, lakini linasomeka.

Kama alikuwa na haki? Nilishaandika jibu hapa, nikalifuta. Unaona karatasi ilivyochubuka. Ukinibana sana ningesema... hapana. Niliwahi kuhukumu mara moja, inatosha. Niandikie beti zote, si huo mmoja tu, na uniambie besi wanaingia wapi.

Umeme umekatika tena. Mama yako amewasha taa huko jikoni na ameshaanza "Atukuzwe Baba." Mwitikiaji ni mimi, na akingoja sana hukasirika.

Baba yako