Pumzi Wanayo, Kasi Hawana

SWALI: Nafundisha elimu ya viungo kidato cha kwanza, darasa la wanafunzi 48, vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki. Kila kipindi nawazungusha uwanja wa mpira mara sita. Pumzi wamepata, lakini kwenye mita 100 muda wao haupungui. Nakosea wapi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mizunguko hiyo imefanya kazi yake, yaani kujenga pumzi. Kasi hujengwa kwa kukimbia kwa nguvu zote, na nguvu hizo, zinazotokana na akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli yenyewe, hudumu sekunde chache tu kisha huhitaji dakika kadhaa kurudi. Kijana anayeanza mbio ya pili huku bado anahema hafanyi tena zoezi la kasi, hata umpigie filimbi namna gani.

Hapo ndipo wingi wa wanafunzi wako unapokufaa. Wakishapasha misuli moto, wapange mistari sita ya watu wanane. Wa mbele wakimbie mita 20 kwa nguvu zote, warudi wakitembea, nawe uwatoe wanaofuata kila baada ya sekunde 15. Zamu itakapomrudia wa kwanza, dakika mbili zitakuwa zimepita, nazo zinalingana na kipimo cha makocha wengi cha dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10. Zamu sita zitakula dakika 12. Muda unaobaki wachezeshe rede (wavulana watanuna, waache wanune), kwa sababu kukwepa mpira huizoeza miguu kuondoka na kugeuka ghafla.

Uangalie pia umri. Wasichana wengi hurefuka haraka wakiwa na miaka 11 hadi 13, wavulana 13 hadi 15, na katika miezi hiyo aliyekuwa mwepesi huweza kukimbia kama aliyeazima miguu. Usimwondoe kwenye timu. Akilalamika maumivu chini kidogo ya pia ya goti, mpunguzie kuruka na kukimbia, na yasipotulia aonwe na daktari.

Pima mita 30 mwanzoni mwa muhula na tena baada ya wiki sita, ukilinganisha muda wa kila mwanafunzi na wake mwenyewe wa awali. Mpimaji awe yuleyule, maana kidole cha mtu mwingine kwenye saa chaweza kumpa au kumnyima mtoto ile sehemu ya sekunde unayoitafuta.