Kwa wadogo zangu mnaoanza alto fluti: ipasheni moto kabla hamjamlaumu mtu

Jumamosi kwenye mazoezi nimeshindwa kuvumilia. Fluti ya kwanza imetoa noti ya A ili wote tulinganishe sauti, ukumbi umetulia, halafu wadogo zangu wawili wapya wa alto, ile fluti ndefu ya sauti ya chini, wakapiga A yao ya kwenye karatasi, ikatoka E, wakashtuka, mmoja akavuta nje kichwa cha fluti, kile kipande chenye tundu la kupulizia, mwingine akasukuma ndani, wakaangaliana, wakajaribu tena ileile. Mwaka jana walikuwepo wengine kwenye viti hivyohivyo na walifanya hivyohivyo. Mimi napiga alto kwa ridhaa mwaka wa kumi na moja sasa, jioni baada ya kazi, na nimekosea karibu kila kinachokoseka kwenye hili bomba, ndiyo maana inaniuma kuona mtu anatumia miezi kujifunza kitu ambacho angeambiwa kwa dakika moja. Basi someni.

1. Mkipewa A, pigeni D. Alto iko kwenye G, inasikika nne kamili (noti nne ukihesabu na ya kwanza) chini ya kilichoandikwa, ukibonyeza C inatoka G. Karatasi ya alto imeshahamishwa na aliyeiandika, wewe soma na bonyeza vilevile unavyobonyeza fluti ya C, ile ya kawaida, usiihamishe mara ya pili. Ukipewa karatasi ya fluti ya C hapo ndiyo unahamisha mwenyewe, nne kwenda juu, yaani wenzako wakiwa C meja wewe uko F meja. Na muwe macho na majina, kwenye skoa (karatasi za okestra) za zamani za Uingereza alto iliitwa fluti ya besi, The Planets ya Holst imeandikwa hivyo, fluti ya besi kwenye G, na anayetakiwa pale ni sisi. Fluti ya besi ya leo iko oktava nzima, yaani noti nane, chini ya ile ya C. Kuna kijana wetu mmoja, mwenye bidii kuliko wote, aliwahi kuazima besi, akaibeba na boksi lake kubwa begani mpaka mazoezini, akaiunga vizuri, akaisafisha, akakaa nayo anatabasamu, kumbe alto yake ameiacha nyumbani kitandani. Tulimpenda sana siku ile, lakini mazoezi yalichelewa nusu saa.

2. Msiipulize kama mnazima moto. Hili nalisema kila wiki na kila wiki nasikia ileile, mtu anataka sauti kubwa ya chini, anabana midomo, anasukuma, noti inapasuka au inaruka oktava, anasukuma zaidi. Bomba la alto lina upana wa kama milimita 26 ndani, la C ni 19, sasa hewa yake haiwezi kuwa ileile. Inataka hewa nyingi inayokwenda taratibu, midomo imelegea, uwazi wa midomo mkubwa kidogo, kama unapumulia kioo kipate ukungu. Ulimi nao usipige kwa ukali, semeni "du", achaneni na "tu". Noti ndefu kuanzia G ya katikati kushuka mpaka C ya chini, kila siku, dakika kumi, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Na oktava ya tatu iacheni kwanza, huko juu alto inakuwa nyembamba na mbishi na hakuna mtu aliyekuja kuisikiliza huko, fluti ya C ipo kwa kazi hiyo. Nyumba ya alto ni chini.

Mkiona hamuendelei haraka kumbukeni kwamba Theobald Boehm, huyuhuyu ambaye mfumo wake ndio uko vidoleni mwenu, alikuwa na miaka kama 60 alipoitengeneza alto, miaka ya 1850, na uzeeni ndiyo aliyoipenda. Mtu aliyeijua fluti kuliko wote aliifikia kwa taratibu, nyinyi mna wiki sita mnataka kulia.

3. Kichwa kilichopinda au kilichonyooka, chagueni kinachofaa mikono yenu, siyo kinachopendeza kwenye picha. Kilichopinda kinaleta uzito karibu na mwili na mkono wa kushoto hauhangaiki. Mimi niling'ang'ania kilichonyooka miaka miwili kwa sababu niliona wakubwa wanacho, bega likawa linaniuma mpaka usiku, nikipiga mswaki nasikia linavuta, na nilikuwa naficha kwa sababu nilidhani maumivu ni sehemu ya kujifunza. Siyo sehemu ya kujifunza. Ukiumia weka chini, pumzika, fanya mazoezi ya robo saa robo saa.

4. Baridi. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Miaka saba iliyopita nilikuwa fluti ya pili kwenye okestra ya ridhaa, na kipande cha pili kwenye programu kilikuwa kinaanza na alto na kinubi peke yao, baa (vipimo vya muziki) 12, polepole, chinichini, hakuna pa kujificha. Ile solo niliisubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Miezi mitatu naifanyia kazi, pumzi zote nimezitia alama kwa penseli, na dada wa kinubi alikubali kuja mapema kila wiki tukae wawili tu tuipitie kabla wengine hawajafika, na ukijua kinubi kinavyobebwa na kinavyochukua muda kutyuni, yaani kuweka kila uzi kwenye noti yake, utaelewa alikuwa ananipa nini. Nikisema turudie, anarudia. Hakuwahi kuangalia saa.

Siku ya konsati nikatyuni alto kwenye chumba cha nyuma, kidogo, kimejaa watu, joto, sindano ya tuna, kile kifaa cha kupimia noti, ikasimama katikati kabisa nikaridhika. Nikaipeleka jukwaani nikaisimamisha kwenye stendi, halafu nikapiga kipande cha kwanza chote kwa fluti ya C, kama dakika ishirini na tano. Stendi ilikuwa chini ya tundu la kiyoyozi. Sikuangalia juu, na sikuigusa alto hata mara moja, dakika zote zile bomba la karibu sentimita 86 limesimama pale linapigwa na hewa ya baridi.

Sasa, hewa ikipoa mwendo wa sauti unapungua na noti inashuka, ni kama senti 3 kwa kila digrii moja ya selsiasi, na nusu toni nzima ni senti 100. Pumzi yako ndiyo inayopasha hewa iliyomo ndani ya fluti, ila alto ina hewa nyingi ndani na wewe unaipuliza taratibu, kwa hiyo inachelewa kuliko C. Kama kile chumba na pale chini ya kiyoyozi vimepishana digrii kumi, hizo ni senti 30, na senti 30 anazisikia hata mtu ambaye hajui zinaitwaje, anajua tu kuna kitu hakijakaa.

Kinubi kikapiga noti yake ya chini kikaiacha inalia, mimi nikaingia juu yake, na palepale nikasikia zile sauti mbili zinagombana, wau, wau, wau. Nikazungusha fluti nje, nikakaza midomo, nikaongeza nguvu, na alto ukiiongezea nguvu chini mnajua inafanya nini, baa ya tano ikaruka oktava mbele ya ukumbi mzima. Baa ya saba kwenye pumzi nikasukuma kichwa ndani chote. Kufika baa ya kumi bomba limeshapata joto langu na kichwa kiko ndani, sasa nimepanda juu ya kinubi. Noti ya mwisho ilikuwa ndefu, baa mbili, nikaishikilia ikiwa juu vilevile mpaka ikaisha.

Hayo yote ningeshayasahau. Kila mtu ana konsati yake mbaya. Kisichosahaulika ni mapumziko.

Kiongozi akanifuata akaniuliza, imekuwaje? Nikamwambia kinubi kimepanda. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na kibaya zaidi nilikuwa naamini, kwa sababu ile sindano nilikuwa nimeiona imesimama katikati kwa macho yangu, kwa hiyo kama mimi niko sawa basi kuna mwingine hayuko sawa, na tulikuwa wawili tu. Yule dada alikuwa amesimama hatua mbili kutoka tulipo. Hakubisha. Alichukua ufunguo wake akarudi jukwaani peke yake, watu wote wametoka wanapiga stori, yeye kainama pale anapita uzi mmoja mmoja, na kinubi kikubwa cha konsati kina nyuzi 47. Mapumziko yaliisha hajanywa hata maji. Aliporudi alinijia akaniambia, samahani kaka, nimezikagua zote, mbili tatu nimezigusa, labda ni joto la taa. Aliniomba msamaha. Na mimi nikamjibu, usijali dada.

Wiki iliyofuata rekodi ikatumwa. Niliisikiliza nikiwa na hakika kabisa ya nitakachosikia, nilikuwa hata nimepanga nitakavyomwelekeza kwa upole. Baa ya 13 vayolini na chelo zinaingia na kinubi kimekaa nazo sawasawa, hakuna hata unywele kati yao. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Mara nne naitafuta noti yake moja tu iliyopanda, sikuipata, ila mimi nilijipata kila baa, chini, chini, nimeruka, juu.

Nilikaa siku tisa kabla ya kumpigia simu. Siku tisa nzima za kutunga namna ya kusema bila kusema, labda nichomeke katikati ya maongezi, labda nimtumie tu meseji. Mwishowe nikapiga, nikamwambia ilikuwa alto, ilikuwa baridi, ilikuwa mimi, na wewe ulikosa mapumziko yako kwa ajili ya uongo wangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijua. Tuna yangu ilikuwa inanionyesha niko sawa." Nikamuuliza sasa kwa nini hukusema. Akasema, "Kaka, uliisubiri sana ile solo. Niliona usiku ule siyo usiku wa kukwambia."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikiiweka alto kwenye stendi namsikia.

Kwa hiyo nikiwaona mnaacha alto kwenye viti kipande kizima halafu mnaichukua baa moja kabla ya kuingia, nikawakemea kwa sauti mbele za watu, msinichukie. Fanyeni hivi: stendi mbali na kiyoyozi, feni na mlango, na kila mkipata mapumziko marefu iwekeni mapajani mkiikumbatia, halafu baa kumi na sita kabla ya kuingia funikeni bamba la mdomo kwa midomo, bonyezeni vidole vyote kama mnapiga C ya chini, mpumulie ndani polepole bila kutoa sauti, mpaka msikie bomba limepata uvuguvugu kwenye vidole. Tyunini baada ya hapo. Tuna inakwambia ukweli wa dakika ile tu uliyopiga.

Na mkisikia mnagombana na mwenzenu kwenye noti, dhani kwanza ni wewe. Mara nyingi ni wewe, kwa sababu alto ndiyo inayohama kuliko wote pale.

5. Kubadilisha kutoka C kwenda alto kunafanyiwa mazoezi kama skeli. Weka zote mbili mbele yako, piga baa nne huku, chukua ile, piga baa nne kule, na ukitoka alto kurudi C midomo itakuwa imelegea mno, rudisha uwazi uwe mdogo kabla hujapuliza.

6. Pumzi. Alto inakula hewa, tieni alama za pumzi siku ya kwanza mnapopewa karatasi, siyo siku ya konsati, na kizunguzungu kikija kaeni chini.

7. Jirekodini, simu iwe mwisho wa chumba na siyo kwenye stendi ya noti. Ukiwa nyuma ya bomba unasikia sauti nene, tamu, imejaa kichwani, na aliyekaa safu ya kumi anasikia pumzi. Suluhisho siyo nguvu, tumeshasema, ni kukaza kiini cha sauti, na hili linachukua miaka, mimi mwenyewe ndiyo kwanza mwaka huu nimeanza kujisikia kule nyuma kama ninavyojisikia mbele. Mkipiga na wengine mwambieni mwandikaji au kiongozi kwamba alto ya chini inazama haraka sana, fluti tatu za C zikipiga juu kwa nguvu hakuna atakayekusikia hata upulize vipi, ni wao wapunguze. Kusema hivyo ni kazi yako, siyo jeuri. Mdogo wangu mmoja alikaa msimu mzima anapiga ndani ya kelele, anapuliza mpaka macho yanatoka machozi, hajamwambia mtu, na alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi wote. Nilikuja kuijua tulipobaki wawili ukumbini tunakunja stendi akapiga skeli moja tu kushuka, G mpaka C, nikasimama na stendi mkononi sijui niiweke wapi. Sasa hivi karatasi yake imeandikwa solo mahali pawili na wa C wanashuka akiingia.

Jumamosi ijayo mazoezi yanaanza saa nane. Wa alto njooni saa saba na nusu, alto ziwe zimeungwa na ziko mikononi, siyo kwenye maboksi, nitakuwa safu ya nyuma yenu. A ikitoka, D.