Kabla ya kulipia printa, piga hesabu ya ukurasa mmoja

Mkuu, umeuliza uchukue printa ya katriji (kikasha cha wino unachobadilisha kikiisha) yenye bei ya chini au ujikaze uongeze hela upate ya tenki (unayoijaza wino wa chupa), na umesema kazi zako ni mazoezi ya watoto, barua chache na picha mara mojamoja. Nimeishi na aina zote mbili nyumbani na sasa natumia ya leza, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Bei iliyobandikwa kwenye mashine iache kwanza. Uliza printa hiyo inatumia wino namba gani, na katriji au chupa ya namba hiyo inatoa kurasa ngapi. Idadi utaikuta kwenye boksi la wino au kwenye tovuti ya kampuni. Chukua bei ya wino, igawe kwa kurasa, umepata gharama ya ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo ya kulinganisha. Mililita zisikushughulishe, kwa sababu kila mashine ina ulaji wake.

Mfano: katriji ya HP 305 nyeusi imekadiriwa kurasa 120, ya rangi kurasa 100. Ndugu yake 305XL ni 240 na 200. Ukizishika mkononi umbo ni lilelile, tofauti ni wino uliomo ndani. Basi kama XL haifiki bei mara mbili ya ile ndogo, hakuna sababu ya kununua ndogo. Sasa weka kando yake chupa nyeusi ya Epson 003, ya printa za tenki: mililita 65, kurasa 4,500. Hata chupa hiyo ikiuzwa mara tatu ya bei ya katriji, kwa ukurasa mmoja katriji haioni ndani.

Namba za katriji zinapatikana kwa kipimo cha kimataifa; ya chupa ya Epson ni makadirio ya kampuni yenyewe, kwa hiyo ichukue kama mwongozo tu. Kwa katriji za wino ni ISO/IEC 24711, kwa tona nyeusi (unga ambao printa za leza hutumia badala ya wino) ni ISO/IEC 19752. Kila kampuni inayofuata kipimo inaprinti kurasa zilezile za majaribio, ndiyo maana unaweza kulinganisha chapa moja na nyingine kwa haki. Lakini majaribio hayo huprintiwa mfululizo, na nyumbani hakuna anayeprinti hivyo. Unaprinti kurasa mbili leo, halafu mashine inakaa kimya wiki tatu.

Hapo ndipo penye gharama isiyoandikwa kwenye boksi lolote. Hedi ya printa ya wino, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, ina vitundu vidogo mno, na wino ukikaukia humo haupiti. Kwa hiyo mashine hujisafisha, mara nyingine yenyewe ukiiwasha, mara nyingine mpaka uiamuru. Kusafisha ni kunyonya wino kupitia vitundu na kuutupa. Kwenye printa yangu ya tenki nilikuwa naliona jambo hili waziwazi kupitia kidirisha cha mbele: naprinti maandishi meusi tu, lakini njano na bluu zinashuka taratibu. Nikitoa ukurasa wa kupima hedi baada ya mashine kukaa muda, mistari ya njano inatoka na mapengo, mmoja upo, unaofuata haupo. Nasafisha, napima tena, mapengo yanapungua, kiwango kwenye tenki nacho kimeshuka. Wino huo wote unaishia kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Mashine inahesabu, na hesabu ikifika ukomo inagoma mpaka sponji au boksi la wino taka libadilishwe. Kabla ya kununua, uliza kama kwenye modeli hiyo unaweza kulibadilisha mwenyewe.

Kitu kimoja kinachosaidia sana: zima printa kwa kitufe chake, usikate umeme ukutani. Ukibonyeza kitufe, hedi inarudi kwenye maegesho yake na kufunikwa. Ukikata umeme katikati ya kazi, inabaki wazi na wino unakauka haraka.

Katriji nayo ina haki yake. Kwenye printa nyingi za bei ya chini, hedi imo ndani ya katriji yenyewe. Ikiziba isizibuke, unaweka katriji mpya na hedi inakuwa mpya. Kwenye tenki hedi ikifa kabisa, ukarabati wake unaweza kukaribia bei ya mashine nzima. Ubaya wa katriji za aina hiyo ni kwamba rangi tatu mara nyingi zimewekwa kwenye katriji moja. Nyekundu ikiisha, unatupa na njano na bluu zilizobaki. Na usikadirie matumizi kwa katriji zilizokuja na mashine, nyingi huwa na wino pungufu.

Sasa tenki inalipa lini? Chukua tofauti ya bei za mashine mbili, igawe kwa tofauti ya gharama ya ukurasa. Tuseme ya tenki imezidi kwa 12,000, katriji inakula 12 kwa ukurasa na tenki 2. Kila ukurasa unaokoa 10, kwa hiyo unahitaji kurasa 1,200 ndipo hela yako irudi. Anayeprinti kurasa 100 kwa mwezi anafika ndani ya mwaka mmoja. Anayeprinti 20 kwa mwezi anasubiri miaka mitano, na katika miaka hiyo mitano hedi inakauka na kusafishwa mara nyingi tu. Weka bei za kweli za unakonunua, utaona mwenyewe umeangukia wapi.

Kuhusu wino usio wa kampuni, soma kwanza masharti ya mashine. Printa nyingi hukagua chipu ya katriji, na sasisho la programu linaweza kuikataa katriji iliyokuwa ikifanya kazi jana. Mipango ya kulipia kurasa kwa mwezi inamfaa mwenye matumizi yasiyoyumba. Ila ujue kwamba ukisitisha malipo, katriji za mpango huo huzimwa hata zikiwa na wino.

Kwa kazi ulizozitaja, ningekushauri leza nyeusi, ile inayoprinti rangi nyeusi tu. Tona ni unga, haikauki. Printa ikae miezi miwili, ukiiamsha inatoa ukurasa safi bila kutupa chochote. Tona ya zamani kama HP 12A imekadiriwa kurasa 2,000, na kwa nyumba isiyoprinti kila siku hizo ni nyingi mno. Angalia tu kama dramu (silinda inayoupeleka unga kwenye karatasi) imo ndani ya tona au inanunuliwa peke yake, maana ikiwa peke yake lazima iingie kwenye hesabu. Zile picha chache zipeleke studio, zitatoka vizuri kuliko utakavyozitoa nyumbani na hutabaki na wino wa rangi unaokauka.

Kama watoto wanahitaji rangi kila wiki, michoro, ramani, kazi za sayansi, hapo nabadilisha jibu: chukua tenki bila kusita, na kila wiki ambayo hakuna kazi toa ukurasa mmoja wenye rangi zote nne. Wino wa ukurasa huo ni mdogo sana kuliko unaomwagwa kwenye sponji na usafishaji mmoja.