Zimwi wa Kaskazini anachorwaje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nachora kitabu cha watoto, nimeagizwa troli, zimwi wa hadithi za Norway na Sweden. Kila nikichora anatoka zimwi letu, meno nje, damu mdomoni. Nifanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Troli! Mjukuu wangu alidhani ni lile la kusukuma sokoni.

Kwanza mfiche meno. Troli ni mzito, mzee, mara nyingi mjinga, na katika hadithi nyingi jua likimpiga anageuka jiwe. Basi mchore kama jiwe linalotaka kuamka. Mtazame mchoraji Mswidi John Bauer (1882–1918): msitu wa kiza, troli wa pua ndefu kama mzizi, na mbele yake kitoto kidogo ambacho ndicho pekee chenye mwanga. Theodor Kittelsen wa Norway (1857–1914) yeye alimwotesha troli miti mgongoni. Huyo ndiye kipenzi changu.

Misonobari yao hatuna, lakini mibuyu ya Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, ipo. Asubuhi moja nilikaa pale na penseli, nikachora fundo moja tu la gome, limekunjamana kama goti la ajuza. Nikalitia jicho dogo, tena moja. Kivuli nikakipaka kwa chai ya rangi iliyolala. Akatoka troli, tena mwenye usingizi.

Ila mbuyu mzima usiuweke, kwao haumei. Chukua gome tu.