Antena ya ripita: viungo kwanza, desibeli baadaye

Ndugu, umeuliza kama antena ya fimbo ya faibaglasi inayokutumikia vizuri nyumbani itafaa kwa ripita (kituo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya papo hapo) ya mita mbili (bendi ya karibu megahezi 145) mnayotaka kuipandisha mlimani, au mtafute dipole nne, yaani antena fupi zenye mikono miwili, zilizofungwa kwenye bomba. Ushauri wangu ni dipole, na nautoa kwa sababu sisi tulianza na fimbo.

Ripita yetu ilikuwa kwenye kilima kinachotazama bahari upande wa Tanga. Miezi ya mwanzo ilifanya kazi bila shida, lakini upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, wenye redio za mkononi walilalamika kwamba sauti zao zinakatika katikati ya mkwaruzo, ilhali wenye redio za gari walipita bila tatizo. Tulishuku dupleksa (kichujio kinachowezesha kurusha na kupokea kwa antena moja), tukaifungua, tukaipima upya, hatukuona kasoro. Siku moja nilikaa chini ya mnara nikisikiliza kipokezi huku nikiiwasha na kuizima transmita, nikagundua kwamba mkwaruzo huja pale tu fimbo inapoyumba na transmita ikiwa hewani. Tulipoiteremsha na kuipasua, tulikuta kiungo kimoja cha ndani kilicholehemewa kina ufa mwembamba kama unywele, kingo zake zimekuwa nyeusi.

Nyumbani ufa wa namna hiyo usingeujua, kwa kuwa unaporusha husikilizi. Ripita hurusha na kupokea kwa wakati mmoja kwa antena ileile, na kwenye mita mbili masafa hayo mawili hutenganishwa na kilohezi 600 tu. Kiungo kinachogusa na kuachia, au metali mbili zilizoshikana kupitia kutu, hugeuza sehemu ndogo ya nguvu ya transmita kuwa kelele inayoangukia kwenye masafa ya kupokelea, na wanaofunikwa kwanza ni wale wenye mawimbi dhaifu. Ndiyo maana nasisitiza usiichague antena kwa kutazama desibeli (kipimo cha ongezeko au upotevu wa nguvu ya mawimbi) zilizoandikwa kwenye boksi. Dipole nne zilizokunjwa, yaani kila moja ikiwa kitanzi kirefu chembamba, zikipangwa kuuzunguka mlingoti, hutoa takriban desibeli 6 juu ya dipole moja, na hizo zinatosha kabisa. La muhimu zaidi ni kwamba viungo vyake vingi viko nje ambapo unaweza kuvikagua kwa macho, na kwamba vipengele vyake vimeungana moja kwa moja na mlingoti, kwa hiyo chaji ya mawingu ya radi ina njia ya kushuka ardhini. Bolti za umbo la U ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Kebo nayo inahitaji kufikiriwa hivyohivyo. Epuka ile yenye foili ya alumini chini ya wavu wa shaba iliyopakwa bati, kwani metali hizo mbili zikisuguana huleta kelele ileile niliyoieleza. Kebo ya nusu inchi yenye ganda la shaba lenye mikunjo hupoteza chini kidogo ya desibeli 3 kwa mita 100 kwenye masafa haya, wakati RG-213, kebo ya kawaida yenye wavu wa shaba, hupoteza takriban mara tatu ya hapo. Usiiamini SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; ikikaribia 1 ni nzuri) iliyopimwa chini ya mnara peke yake, kwa kuwa nguvu inayorudi huweza kupotelea njiani: kebo iliyoingia maji hadi ikawa inapoteza desibeli 9 itakuonyesha SWR ya karibu 1.3 hata kama huko juu antena imekatika kabisa.

Kwenye konekta ndipo maji huingilia, kwa hiyo usifanye haraka. Mimi huweka tabaka moja la tepu ya kawaida ili siku ya kufungua isiwe taabu, kisha tepu ya mpira inayojigandisha, nikiivuta mpaka upana wake upungue, kisha matabaka mawili ya tepu nyeusi inayostahimili jua. Tabaka la mwisho lianzie chini kupanda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kama tunavyoezeka makuti kuanzia ukingoni mwa paa, ili maji yateleze. Mzunguko wa mwisho usiuvute, na tepu uikate kwa kisu badala ya kuichana, kwa sababu ncha iliyovutwa hujibandua yenyewe juani. Mkiamua kubaki na fimbo, tafadhali msizibe kitundu kilichoko chini yake. Ndicho kinachotoa maji ya umande, na nimeona fundi mzuri akikijaza silikoni kwa nia njema.

Mkishamaliza, pelekeni mawimbi dhaifu kwenye kipokezi, kwanza transmita ikiwa imefungwa kwenye mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu yake bila kuirusha hewani), halafu kwenye antena yenyewe. Kama mawimbi hayo yanasikika vizuri kwenye mzigo lakini yanafifia kwenye antena, pandeni tena siku hiyohiyo, transmita ikiwa imezimwa, mkakague kiungo kimoja baada ya kingine kabla hamjafungasha kamba na spana.