Kufukuza wachimbaji wadogo Ghana sio suluhisho

Ndugu unayesema Ghana ifukuze wachimbaji wadogo wote dhahabu ibaki kwa makampuni, hilo walishajaribu. 2017 serikali ilipiga stop uchimbaji mdogo wote hata wenye leseni, wakatuma wanajeshi, ila Desemba 2018 wakawafungulia wenye leseni tena, na wale wasio nayo wala hawakuwahi kuondoka.

Sheria yao ya 2006 inasema uchimbaji mdogo ni wa raia tu, lakini Wachina wengi waliingia na maekskaveta na mapampu, wenyeji wakubwa wakiwakingia kifua, na hapo ndo kila kitu kiliharibika maana mtu wa sululu na karai hawezi kugeuza mto mzima kuwa tope. Angalia mto Pra, Agosti 2024 shirika la maji lilisema mtambo wa Sekyere Hemang uliojengwa kusafisha tope la hadi 2,000 NTU (kipimo cha utope wa maji) unapokea 14,000, miji ya Cape Coast na Elmina maji yakawa ya mgao, na bado hatujagusa zebaki wanayonasia dhahabu, inaniuma sana hii.

Na makampuni nayo yakiyumba? Obuasi, mji wa dhahabu hukohuko Ghana, pamechimbwa kikampuni tangu 1897, 2014 mgodi ukapunguza karibu wafanyakazi wote, 2016 wachimbaji wasio na leseni wakavamia eneo la mgodi. Wale vijana ulitaka waende wapi?

Mimi naona wapewe maeneo yaliyopimwa na leseni zitolewe kulekule wilayani sio kusubiri saini ya waziri Accra, alafu anayekamatwa awe mwenye ekskaveta, sio kibarua wake.